Kaptula za Serikali

Cherehani ilitolewa kwenye kifusi ikiwa haina kanyagio. Kichwa chake kilipona, na gurudumu lilipona pia, lakini meza na miguu ya chuma ilivunjika, na vipande vyake vilibebwa na polisi kwenda kuonyeshwa jaji. Havikurudi. Kwa hiyo Orpah alishona akiwa amepiga magoti, kichwa cha cherehani kikiwa juu ya sanduku la majani ya chai, mkono wa kulia ukizungusha gurudumu na wa kushoto ukisukuma kitambaa. Kazi hiyo ilitaka mikono mitatu. Mshono ulikwenda upande, wateja wakauona, wakapeleka vitambaa vyao Migori mjini. Kufikia Novemba mwaka huo wa 1966, alikuwa amebakiwa na kazi ya kutia viraka magunia ya mwenye duka la mahindi, na ujira wake ulikuwa ni mahindi yaleyale, yaliyokwisha tobolewa na fukusi.

Soko la Nyarombe lilikuwa maili tisa tu kutoka Migori, lakini aliyetaka habari za dunia alilazimika kuzisubiri. Habari za jirani hazikusubiriwa. Kutoka mlangoni pake Orpah aliuona ua wa Jedidah kule chini, na kwa miezi mitatu alikuwa amewaona watu wawili wakipita hapa kwake kila Jumanne na kushuka kule. Walitolewa viti nje. Walikaa mpaka jua likahama upande. Mwanamume aliandika, mwanamke alimshika Jedidah mkono. Orpah alihesabu Jumanne hizo. Zilikuwa kumi na moja.

Watu hao aliwajua, kila mtu aliwajua. Walter alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Phelesia alikuwa mkunga, Mkatoliki wa upande wa Asumbi. Mwaka uliotangulia walitembea na wenzao kwa miguu kutoka Migori hadi Homa Bay, wamebeba mabango yaliyosema vijana wasipelekwe kufa katika vita vya kaskazini. Mabango yalichukuliwa, wao wakalazwa rumande siku nne, wakatoka na jina: watu wa amani. Kisha baruti ikalipuka pale Nyarombe, kwenye veranda ya ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, na watu wa amani wakapata kazi nyingine. D.O. alisimama barazani mbele ya umati akasema ni ugaidi, na ugaidi hauna sababu. Wao wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza sababu.

Nyumba kwa nyumba, isipokuwa ya Orpah. Baruti hiyo ilimuua mtu mmoja, fundi wa nguo aliyekuwa na cherehani yake pale verandani. Fundi huyo alikuwa Okemwa, mume wake.

Jumanne ya kumi na mbili hawakupita.

"Hodi, Mama Nyamoita," alisema Walter mlangoni.

Orpah hakuinuka. "Njia ya kwa Jedidah ni ile ya chini, Mwalimu. Umeisahau?"

"Leo tumekuja kwako, mama."

"Aa. Leo."

Aliwapa kigoda kimoja, wajue wenyewe watakavyokaa. Phelesia alikaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu kama mtu wa nyumbani, na Walter akabaki na kigoda na daftari lake magotini. Lilikuwa daftari la shule lenye jalada la bluu, limevimba kwa kuandikwa.

"Hiyo ndiyo kitabu ya Jedidah?" Orpah aliuliza.

"Ni ya mambo yote yaliyotokea."

"Nipe niione."

Walter alisitasita, akampa. Orpah alisoma Agano Jipya la Kikisii bila shida, ila mwandiko wa mwalimu ulikimbia mno kwake. Hakujaribu kuusoma. Alihesabu kurasa kwa kidole gumba, moja moja, huku sufuria ya mihogo ikitokota na kumwagikia jikoni. Thelathini na nne.

"Mimi niko wapi hapa?"

Walter alilichukua daftari, akafungua karibu na mwisho, akatafuta. Uso wake ulibadilika kabla hajasoma.

"Soma."

"'Katika tukio hilo,'" alisoma, "'fundi mmoja aliuawa.'"

"Endelea."

"Ni hapo tu, mama."

"Jina hana?"

Walter alifunga daftari. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umemzoeza kudhani kwamba hakosi.

"Mama, tafadhali nielewe. Kueleza sababu si kutetea. Tukisema kwa nini Dishon wa Jedidah aliweka ile baruti, hatusemi alifanya vizuri. Serikali inataka watu waamini kijana alizaliwa na baruti mkononi. Sisi tunasema hapana, kuna mahali ilianzia. Tukipaficha, kesho ni kijana mwingine."

"Na mume wangu, yeye alianzia wapi?"

"Sijui kama nimekuelewa."

"Umeelewa sana. Jedidah ana kwa nini kurasa thelathini na nne. Mimi maiti yangu haina kwa nini. Imetokea tu, kama mvua."

Phelesia alimwangalia Walter, na Walter akatazama sakafu. "Anasema kweli, Mwalimu," Phelesia alisema. "Tulianza nyumba isiyokuwa ya kwanza. Tungekuja hapa na mikono mitupu, tulie kwanza, halafu ndiyo tuulize. Mama, hiyo tumekosea, na sina la kujitetea."

Orpah aliyasikia maneno hayo, na yalimfanyia ubaya zaidi kuliko ya Walter, maana alikuwa ameyangoja tangu Februari alipofiwa na sasa yamekuja yakiwa yameshikana na shida yao. Aliijua shida yao. Hakuna aliyekaa sakafuni kwake bila kutaka kitu.

"Sasa semeni mnataka nini."

Walter alisema. Alianza mbali, na Orpah alimwacha, ingawa yote aliyajua. Elijah, mume wa Jedidah, alipigwa risasi ya mgongo mwaka 1964 kwenye lango la mgodi, siku wachimbaji walipokataa kutoka katika nyumba zao mgodi ukifungwa. Askari wa D.O. ndiye aliyefyatua. Barazani ilisemwa kwamba Elijah alianguka shimoni akiwa amelewa, yeye Msabato aliyekuwa hanywi hata chai. Dishon, mwanawe, alikwenda ofisini mara saba kutaka yaandikwe yaliyotokea. Mara ya saba alikalishwa verandani tangu asubuhi mpaka ofisi ikafungwa, kisha akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kufa. Okemwa, kwenye cherehani yake palepale, ndiye aliyempa maji. Okemwa alikuwa mwalimu wake wa Shule ya Sabato. Miezi miwili baadaye Dishon alichukua baruti iliyosahauliwa mgodini, akaiweka chini ya sakafu ya ofisi.

"Aliiweka Jumamosi, akipitia nyuma ya ofisi," Walter alisema polepole. "Alimwambia jaji: Nilichagua Sabato kwa sababu ofisi imefungwa na Mwalimu Okemwa hawezi kuwa pale siku ya Bwana. Nilitaka kuvunja nyumba, sikutaka kuua. Jaji hakumwamini, kwa sababu ya mkasi."

Orpah alizungusha gurudumu kidogo, sindano ikashuka kwenye gunia na kukaa.

Mkasi. Kortini aliulizwa mumewe alifuata nini verandani siku ya Sabato, akasema alipitia kuchukua mkasi. Aliulizwa kama watu walizoea kumwona akipita pale siku hizo, akasema ndiyo, hata Jumamosi huwa anapita. Kwa hiyo Dishon alijua, akasema jaji, na akavaa kile kitambaa cheusi cha hukumu ya kifo.

"Ombi la msamaha linaondoka kwenda Nairobi Jumatatu tarehe tano," Walter aliendelea. "Ukisema kweli ilivyokuwa, kwamba mumeo hakuwa akija Sabato hata mara moja, na kwamba siku ile kuna mtu alimlazimisha, huyo kijana anaweza kuishi. Atafungwa, na ni haki afungwe. Lakini hatanyongwa."

"Nani amekwambia alilazimishwa?"

"Hakuna. Ila baada ya mlipuko vipande vya kaki vilikuwa juu ya miti siku mbili, mama. Mtu hafuati mkasi na robota la kaki."

Orpah aliinuka, akaenda kuepua mihogo. Kwa kuwapa mgongo aliweza kuwaza.

Ijumaa ile, jua likiwa limekaribia kuzama na maji ya kuoga ya Sabato yakiwa motoni, askari wawili walileta robota la kaki. Kaptula arobaini kufikia kesho jioni, mgeni mkubwa anakuja. Okemwa alieleza kuhusu Sabato, akaitwa ofisini akaeleze huko. Alirudi na habari moja tu. Barua ya plot, hiki chumba chao cha biashara na cha kulala, ilikuwa katika droo ya D.O., na D.O. alikuwa ameitoa akaiweka mezani, akaitazama tu. Asubuhi Okemwa hakula. Alisimama mlangoni na viatu vya kanisani, akasema: "Wakikuuliza, sema nimeenda kuchukua mkasi." Basi. Miaka kumi na minne ya ndoa, na neno la mwisho aliloachiwa ni uongo wa kumfichia mtu aibu.

Aliutunza. Kanisa lilimzika Okemwa kama mtumishi aliyekufa na jina safi. Kina mama wa Dorkasi, walioshonea maskini na kuwalisha wagonjwa, walimletea unga kila mwezi kwa sababu ya jina hilo. Aseme leo kwamba alikufa akishona Sabato, tena kaptula za askari, ni nani atakayeuliza alilazimishwa na nani? Wangefuta jina kitabuni kwanza, wakauliza baadaye. Na D.O. ana ile barua bado.

Hayo yalikuwa kweli, na kama yangekuwa hayo tu, pengine angesema. Chini yake kulikuwa na jingine, na Orpah alilijua kwa jina. Ulikuwa wivu. Jedidah alikuwa mjane kama yeye, tena mjane wa ofisi ileile, lakini Jedidah alikuwa na mtu wa kumpelekea sabuni. Kila mwezi alipanda basi na kikapu cha viazi na samaki wa kukaanga, akarudi na kusema mwanangu amekonda, mwanangu amecheka. Maiti haipelekewi sabuni. Sasa wanataka Orpah avunje jina la wake aliyekufa ili wa Jedidah abaki hai. Angempa unga, angempa chumvi. Hili hangempa.

"Alienda kuchukua mkasi," alisema bila kugeuka.

Phelesia alisimama taratibu. Alimwekea mkono begani, na Orpah hakuuondoa, wala hakuuegemea. "Nitarudi hata kama hutasema," Phelesia alisema. "Nitarudi uniambie habari zake tu. Alikuwa mtu gani."

"Njia mnaijua."

Kupitia dirishani aliwaona wakishuka kwa Jedidah, na Jedidah akitoa viti.

Alhamisi D.O. mwenyewe alifika, na hiyo haikuwa desturi yake. Gari lilisimama nje, askari wakashusha meza ya cherehani, mpya kabisa, miguu ya chuma nyeusi na kanyagio pana. Orpah aliitazama kama mtu aonavyo chakula. Nyuma yake walishusha robota la kaki.

"Mama Okemwa, serikali haijakusahau," D.O. alisema. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, wa Kiswahili cha ofisini. "Unaona? Wengine wanakuletea maswali, sisi tunakuletea vifaa."

"Ahsante, bwana."

Kila mara alisema ahsante. Katika baraza sita mwaka huo, nne za Migori na mbili za Homa Bay, D.O. alimkalisha mbele, kwenye kiti chenye mto, karibu na wakubwa. "Mtazameni mama huyu," alisema kila mara. "Atakayekuja kuwaambia eti ugaidi una sababu, mwambieni amtazame mama huyu." Watu walimtazama. Hakuna aliyempa nafasi aseme neno. Baraza likiisha kiti kilirudishwa garini, na yeye akarudi kwa miguu au kwa lori la pamba. Hata hivyo alikipenda kile kiti. Ilikuwa aibu kukiri, lakini pale juu, kwa saa mbili, Jedidah alikuwa amesimama nyuma kabisa juani na yeye alikuwa amekaa.

"Jumapili mgeni wa Nairobi anapita hapa," D.O. alisema. "Askari wangu wanaonekana kama ombaomba. Kaptula arobaini. Meza itakaa verandani, palepale pa marehemu. Nataka mgeni aone kwamba gaidi hakushinda."

Orpah alihesabu. Leo ni Alhamisi. "Zitakwisha Jumatatu, bwana. Nikijitahidi."

"Jumamosi jioni."

"Jumamosi ni Sabato, bwana. Sisi hatu—"

"Najua." D.O. alikuwa anafuta vumbi kwenye kofia yake. Hakukasirika hata kidogo. "Mumeo naye aliniambia hivyo hivyo. Akaja."

Aliyasema hayo mbele ya askari wake wawili na dereva, mchana, mlango ukiwa wazi. Orpah alingoja ashtuke kwa alichokisema. Hakushtuka. Alivaa kofia.

"Ile barua ya plot," aliongeza, "inaisha mwezi huu. Nikumbushe niitie sahihi."

Jumamosi asubuhi Orpah aliwaambia watoto waende kanisani na jirani, wamtangulie, naye atafuata. Nyamoita, wa kwanza, alimtazama miguu. Orpah alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Hakujua kwa nini.

Veranda ilikuwa imepigwa saruji upya, na pale pa Okemwa saruji ilikuwa nyeupe kuliko penginepo, kiraka cha ukubwa wa mkeka. Meza iliwekwa juu yake. Alikaa, akaweka mguu kwenye kanyagio, na mashine ikakimbia. Ilikuwa mashine nzuri. Baada ya miezi ya kuzungusha gurudumu kwa mkono, mwili wake ulifurahi wenyewe bila kumwuliza, na mshono ulikwenda sawasawa kama wa zamani. Kanisani, ng'ambo ya barabara, walianza kuimba. Alikanyaga kwa nguvu zaidi ili asiwasikie, akakuta mguu wake unafuata wimbo.

Kaptula ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili. Alipokuwa akikunja pindo ndipo alipoona jinsi kazi hii isivyoficheka. Mwenye macho barabarani angemwona kuanzia kichwani hadi miguuni. Okemwa alikaa hivi hivi. Alikaa akiwaza nani atapita.

Saa sita kanisa lilitoka. Watu waliteremka barabarani na Biblia zao, wakaona. Mzee wa kanisa aliondoa macho haraka kama mtu aliyemfumania mwenzake anaoga. Kina mama wa Dorkasi walipita upande wa pili. Nyamoita alisimama, akawashika wadogo zake mikono, akaenda nao nyumbani bila kugeuka.

Wa mwisho kutoka alikuwa Jedidah, maana siku hizi hakuna aliyetembea naye. Alikuwa na kikapu chake cha safari. Basi la kumpeleka gerezani kwa Dishon lingeondoka Migori alfajiri ya kesho yake, naye hulala huko kwa dada yake. Alifika usawa wa veranda, akasimama.

Alimtazama Orpah. Akatazama meza, na kiraka cha saruji chini yake. Akatazama rundo la kaki, na viatu vya kanisani juu ya kanyagio. Hakuwa mwanamke mwepesi wa kusema, lakini uso wake ulikwenda ukifunguka hatua kwa hatua, na Orpah aliona kila hatua.

Jedidah alivuka barabara. Aliweka kikapu kwenye ngazi. Ndani kulikuwa na samaki waliofungwa kwenye jani la mgomba, na juu yake shati jeupe lililopigwa pasi, la nini huko aliko, Mungu ajua.

"Min Nyamoita," alisema kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa Kijaluo. "Hata hiyo Sabato ingine, Fundi alikuwa anashona hapa?"

Askari alikuwa ametoka ofisini kujaribu kaptula yake. Alisimama katikati yao, mikono juu ili apimwe, na Orpah alikuwa tayari amekwisha jaza pini mdomoni, sita au saba, zimebanwa kwa midomo kama fundi afanyavyo. Kupitia chini ya kwapa la askari aliliona bega la Jedidah na mkono wake ulioshika ngazi. Alitaka kuzitoa pini. Hilo alilikumbuka baadaye, kwamba alitaka. Ombi lilikuwa linaondoka Jumatatu. Na Jedidah alikuwa na kikapu, na mtu wa kukipelekea.

"Min Nyamoita," Jedidah alisema tena, "niambie tu ndiyo ama hapana. Naenda kwake sasa hivi."

"Mama, kiuno inabana," alisema askari. "Achilia kidogo."

Orpah alitoa pini moja, akaichoma kwenye kaki. Zilizobaki alizibana.